Kitambi na sukari: nikimbie au nibebe chuma?

Mtoa mada: Wakuu habari za jioni, nina kilo 104, nimepima sukari nikaambiwa imeanza kupanda ila sio kisukari bado. Mshikaji anasema nikimbie tu daraja la Tanzanite asubuhi, jamaa wa jimu hapa Sinza anasema mbio ni kupoteza muda nibebe chuma. Nishike lipi?

Mzee wa Tizi: Vyote mkuu. Mbio zinasaidia moyo na yale mafuta ya ndani ya tumbo, chuma kinajenga msuli na msuli ndo unanyonya sukari kwenye damu. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema angalau dakika 150 za mazoezi ya kasi ya wastani kwa wiki plus mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Ila kwa kilo hizo magoti yatakulilia, anza kutembea kwa kasi, mwendo ambao kuongea unaweza ila kuimba huwezi.

Dada Mbagala: Jimu sio lazima kaka, kaa-inuka kwenye kiti, pushapu za ukutani, ndoo ya maji inatosha. Na chipsi zege za usiku je? 😂

Mtoa mada: Dada umenipiga palepale. Siku moja nikifanya vyote naanza na kipi?

Mzee wa Tizi: Chochote, mi naanza na chuma. Pima presha kwanza lakini