Roketi juu ya roketi: kwa nini haiupiti mwanga?

Muulizaji, Jinja
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Nikiwa ndani ya basi liendalo Kampala, nikamrushia mpira abiria wa kiti cha mbele, mtu aliyesimama kando ya barabara atauona mpira huo ukienda kwa kasi ya basi pamoja na ile ya mkono wangu. Je, roketi iendayo kilomita 180,000 kwa sekunde ikifyatua mbele yake roketi ndogo kwa kasi hiyohiyo, ile ndogo haitaupita mwanga, ambao huenda takriban kilomita 300,000?

Mwalimu wa fizikia, Mbarara
Haitaupita. Tangu Einstein alipochapisha nadharia yake mwaka 1905, tunajua kwamba jumla ya kasi mbili sharti igawanywe kwa namba inayozidi moja, nayo hukua kadiri kasi hizo zinavyoukaribia mwanga. Kwa basi lako ziada hiyo ni ndogo mno hata hakuna kipimo cha barabarani kitakachoiona. Kwa roketi zako namba hiyo ni 1.36, kwa hiyo aliyebaki Jinja ataiona ile ndogo ikienda kama kilomita 265,000 kwa sekunde.

Muulizaji, Jinja
Nashukuru, Mwalimu. Na tukipata injini yenye nguvu zaidi?

Mhandisi, Entebbe
Injini haina kosa hapa. Nishati ya kukifikisha chombo kwenye asilimia 99 ya kasi ya mwanga ni karibu mara tano ya ile ya kukifikisha kwenye asilimia 90, na kuifikia kasi yenyewe kungehitaji nishati isiyo na kikomo. Huko CERN, maabara ya utafiti wa chembe iliyo karibu na Geneva, protoni, yaani chembe za ndani ya kiini cha atomu ambazo ni nyepesi kupita kiasi, husukumwa ndani ya mtambo wenye mzunguko wa kilomita 27, na bado hubaki nyuma ya mwanga kwa mita 3 hivi kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Setilaiti yetu, PearlAfricaSat-1, ilizunguka dunia kwa kilomita zipatazo 7.7 tu kwa sekunde.

Msomaji, Gulu
Mbona mwaka 2011 ilitangazwa kwamba nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji ya umeme, zimeupita mwanga?

Mwalimu wa fizikia, Mbarara
Ilitangazwa, nami niliwasimulia wanafunzi wangu kwa shauku kubwa. Zilisafiri kilomita 730 kutoka CERN hadi maabara ya Gran Sasso, Italia, zikaonekana kuwahi kwa sehemu 60 za bilioni ya sekunde. Mwaka uliofuata iligunduliwa kwamba kebo moja ya kupitishia ishara za mwanga haikuwa imekazwa sawasawa, ndiyo maana vipimo vya muda vilikosea.