Mrejesho: uchambuzi wa "Digging" (Kuchimba), shairi la Seamus Heaney wa Ireland

Habari zenu wakuu. Wiki mbili zilizopita niliomba msaada hapa: je, Heaney anaidharau kazi ya baba yake anapochagua kalamu na kuliacha sepetu? Insha yangu imepata 14 kwa 20.

Kilichonibeba ni ushauri wa yule dada aliyesema nilinganishe mwanzo na mwisho. Kweli, mwanzoni kalamu imekaa mkononi kama bunduki. Mwishoni bunduki haipo, na mshairi anasema atachimba kwa kalamu hiyo hiyo. Halafu ile chupa ya maziwa iliyozibwa ovyo kwa karatasi, ambayo mtoto anampelekea babu yake! Mzee ananyooka, anakunywa, papo hapo anarudi kukata mboji (udongo unaokaushwa ukawa kuni). Hapo sikuona dharau hata chembe. Nilimkumbuka babu yangu shambani, nikairudia mara tatu.

Nilikoanguka ni kuiunganisha bunduki na mapigano ya Ireland ya Kaskazini. Mwalimu alinikata alama: kitabu chenye shairi hili kilitoka 1966, kabla machafuko yale hayajapamba moto. Kwa hiyo wale waliosema nianze na historia, hapo hapakufaa.

Asanteni sana, dada yangu hasa.