Kikundi cha Ukoo: Kidani cha Tembo cha Bibi

Shangazi: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Kidani cha marehemu Mama sasa kimo mikononi mwangu. Sonara mmoja hapa mjini amekipima na kunipa bei ya dhahabu kwa gramu, lakini sijamjibu, kwa kuwa mali hii ni ya ukoo mzima.

Baba Mdogo: Waalaikumu salaam, dada. Nakusihi usimuuzie. Katika picha uliyotuma naona upande mmoja tai na maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, pamoja na mwaka 1916. Ikiwa ni halisi, hiyo ni sarafu ya rupia 15 iliyofuliwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha kutoka Ujerumani haikuweza kufika, na Wajerumani wakalazimika kujitengenezea sarafu zao hapa hapa.

Kaka: Shikamooni. Mbona kuna watu wanaouza sarafu za Tabora za 1916 kwa bei ndogo sana? Nachelea tukajipa matumaini bure.

Baba Mdogo: Marahaba. Hizo ni sarafu za heller 20 za shaba (heller mia zilikuwa rupia moja), zenye taji badala ya tembo. Zilifuliwa zaidi ya milioni moja, ndiyo maana hazina bei. Za dhahabu hazikuzidi 16,198 kwa jumla, kwa sababu Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo na kazi ikakoma.

Shangazi: Sonara aliishikisha sumaku, haikunasa. Mizani yake ilisoma gramu 7.6.

Baba Mdogo: Sumaku haitutoshi, dada, kwani hata shaba hainasi. Uzito ndio wenye maneno: sarafu halisi ina gramu 7.17, robo tatu yake ikiwa dhahabu safi, na ya shaba yenye ukubwa ule ule ingekuwa nyepesi mno. Gramu hizo za ziada nadhani ni za kile kikuku kilicholehemiwa juu ili kupitisha mkufu. Tafadhali usimruhusu mtu yeyote akikate kabla mtaalamu hajaiona. Chukua lenzi, tazama makunjo ya ngozi ya tembo: ya kughushi iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo vidogo vidogo na kingo zilizolegea, lakini iliyopigwa kwa chapa huwa na mistari iliyosimama. Tazama pia upande wa tai, nakshi ya kulia inaishia chini ya T au chini ya A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA, maana zipo aina hizo mbili.

Shangazi: Nimetazama sasa hivi kwa lenzi ya mjukuu. Inaishia chini ya T, na mistari ya ngozi inaonekana vizuri, isipokuwa begani ambapo imesuguliwa na nguo miaka yote aliyoivaa.

Mimi: Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Bibi alikuwa akisema baba yake alikuwa fundi katika karakana hiyo hiyo. Je, habari hiyo inaongeza thamani?

Baba Mdogo: Marahaba, mwanangu. Kwa mnunuzi haiongezi kitu bila karatasi, kwa sababu sarafu yenyewe haiwezi kushuhudia ilipitia mkono wa nani. Kwetu sisi ni jambo kubwa kuliko bei, nami ningependa iandikwe wakati wazee walioisikia kwa Mama mwenyewe wangali hai. Kuhusu fedha, nzima isiyo na mkwaruzo huuzwa mnadani Ulaya kwa maelfu ya dola. Yetu imelehemiwa, kwa hiyo itashuka sana, ingawa bado itaishinda bei ya sonara.

Kaka: Basi nakubali isiuzwe kwa gramu. Naomba tuipeleke kwa wataalamu wa sarafu waikague na kuipa cheti, na tukitaka kuitoa nchini tuulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale.

Shangazi: Na iwe hivyo. Nitamjibu sonara kesho asubuhi. Nilikuwa nimenunua dawa ya kung'arishia vyombo ili niisafishe kwanza.

Baba Mdogo: Usiiguse kwa dawa yoyote, dada, wala kwa majivu. Ifunge katika kitambaa laini cha pamba, uiweke peke yake, mbali na bangili.