Je, mizani ya kanuni ina uzito gani katika michezo ya vita ya vijisanamu?

Swali
Ndugu zangu, salaam. Mimi na rafiki yangu hucheza Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya kubuni vya siku zijazo, kila Jumamosi, kila mmoja akiwa na jeshi la pointi 2,000 (kila kikosi hupewa pointi kulingana na nguvu zake). Kwenye karatasi tunalingana, lakini mara nne mfululizo aliyeanza ndiye aliyeshinda. Juzi kikosi changu cha askari 10, ambao niliwapaka rangi kwa wiki tatu hadi vifungo vya mikanda yao, kiliondolewa mezani kabla sijatupa dadu hata moja la kushambulia. Rafiki yangu anasema vita havijawahi kuwa vya haki, hivyo kanuni nazo hazihitaji mizani. Je, ana hoja?

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, pole. Vita vya kweli havina haki, lakini ninyi mmekaa mezani kupimana akili, na kipimo kilichopinda hakimpimi mtu. Age of Sigmar, mchezo mwingine wa vijisanamu, ilipotoka mwaka 2015 haikuwa na pointi kabisa; wachezaji waliachiwa waelewane wenyewe ukubwa wa majeshi, na wengi waliona taabu hiyo kiasi kwamba baadhi yao walitunga mifumo yao ya kulinganisha, mpaka mwaka 2016 kilipotoka kitabu chenye pointi rasmi.

Jibu la pili
Nakubali, ila pointi peke yake hazitoshi, na nadhani tatizo lenu liko juu ya meza yenyewe. Chukua mashambulizi 24 yanayopata shabaha dadu ya pande sita ikitoka 3 au zaidi, kisha yakajeruhi ikitoka 4 au zaidi: kwa wastani 16 yatapata shabaha na 8 yatajeruhi. Askari wenye kinga ya 4 (yaani huokoka dadu yao ikitoka 4 au zaidi) wakiwa uwanjani wazi, wanne watakufa. Wakijibanza nyuma ya ukuta kinga ikawa 3, watakufa chini ya watatu. Na wasipoonekana kabisa, hafi hata mmoja. Pointi za kikosi ni zilezile katika hali zote tatu. Meza yenu ina kuta ngapi?

Jibu la tatu
Naongeza suala la zamu. Jeshi zima likicheza kabla ya jingine, wa kwanza hupiga akiwa mzima na wa pili hujibu akiwa ameshapungua. Bolt Action, mchezo wa vijisanamu wa Vita Kuu ya Pili, imelikabili jambo hili kwa kutia dadu za pande zote mbili mfukoni, moja kwa kila kikosi, na rangi inayotoka ndiyo inayoamua nani aamuru kikosi kimoja. Hata hivyo, usawa usigeuzwe kuwa kufanana. Katika bao kila mchezaji ana kete 32 zisizotofautiana, na huo ndio uzuri wa bao. Sisi tunataka wachache wenye silaha nzito wakabiliane na umati dhaifu, na kazi ngumu ya mtunga kanuni ni kuwapa wote wawili njia ya kushinda.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Meza yetu ina kuta mbili fupi, zote pembeni. Jumamosi tutajenga magofu marefu katikati, kisha tutacheza mara mbili kwa majeshi yaleyale, tukibadilishana anayeanza.