KRISMASI KWA BIBI 2024 (kikundi cha familia)

*Jumanne, 12 Novemba 2024*

Mama Neema 06:12
Habari za asubuhi wapendwa. Shikamoo Mama, najua Mama Mdogo atakusomea. Krismasi imebaki wiki sita. Leo naomba tumalize mambo matatu tu: usafiri, magodoro na mchango. Mwaka jana tulianza kuongea Desemba imeshaingia, tukaishia stendi ya Mbezi saa tisa usiku, watoto wamelala juu ya mabegi. Mwaka huu hapana.

Mama Neema 06:14
Watoto ni 11. Kaka Mkubwa 2, mimi 3, Baba Junior 2, Mama Doreen 3, Kitinda mimba 1 (miezi saba, naye nimemhesabu, analala, ananyonya, anachukua nafasi).

Mama Neema 06:15
Kila familia 150,000. Mbuzi, mchele, mafuta, mkaa, na magodoro mawili mapya. Mwisho Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Namba ni ileile.

Mama Neema 09:40
Watu 13 mmesoma. Hakuna hata aliyeandika "nimeona".

Kitinda mimba (Arusha) 10:02
👍

Mama Neema 10:02
Hicho kidole ni umetuma au umeona?

Kitinda mimba (Arusha) 10:03
Nimeona dada

Baba Junior 12:31
Za kazi jamani. Naona mji mzima sasa hivi ni SGR tu. Na sisi twende nayo 😂

Mama Doreen (Dodoma) 12:33
SGR inakuja huku kwetu kaka. Mama yuko Marangu, hayupo Dodoma

Kitinda mimba (Arusha) 12:33
Basi Mama ahamie Dodoma akalime zabibu 😂😂

Baba Junior 12:34
Na kihamba, shamba lake lote la migomba, tunambebea kwenye behewa

Mama Doreen (Dodoma) 12:36
Ila kweli wanangu wananisumbua na hiyo treni ya umeme. Nafikiria tushuke nayo Dar, 31,000 mtu mzima, halafu tuungane na nyie. Au tupite zetu Kondoa, Babati, Arusha tukutane Marangu. Baba Doreen anataka Babati, lami yote. Watoto wanataka treni

Mama Neema 12:40
Mama Doreen hilo ni la kuamua leo, maana linabadilisha hesabu ya viti. Ukija Dar mnaongezeka watano kwenye magari mawili.

Mama Neema 12:52
Na kama ni treni, mimi bado naikumbuka ile ya 2019, iliporudi kwenda Moshi baada ya miaka mingi. Neema alikuwa na miaka mitatu. Usiku kucha alilala kichwa mapajani kwangu, miguu kwa mama mmoja tusiyemjua, yule mama akamfunika kanga yake bila hata kuniuliza. Asubuhi tumeipita Same, wingu limeondoka, mlima mweupe juu. Akasimama dirishani akauliza kwa sauti, "Nani kamwaga unga pale?" Behewa zima lilicheka. Kuna mzee alimjibu, "Bibi yako, alikuwa anakusongea ugali." Mpaka leo Neema akiona mlima anasema unga wa Bibi. Shuleni wameshamfundisha ni barafu, na mita 5,895 anazijua, lakini unga wa Bibi haujatoka.

Kaka Mkubwa (Mwanza) 13:05
Nakumbuka. Nilikuja kuwapokea stesheni Moshi, mnanuka mayai ya kuchemsha wote

Mama Doreen (Dodoma) 13:06
Mwaka huohuo wakatengeneza mashua za magome ya mgomba, wakaziachia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji. Doreen akaweka viatu vyake vyeupe vya kanisani ndani ya mashua ndio abiria. Kimoja kilipatikana kwa jirani wa chini, cha pili mpaka leo

Kitinda mimba (Arusha) 13:07
Cha pili kilifika bahari ya Hindi

Mama Doreen (Dodoma) 13:07
Alienda kanisani na ndala na gauni la shela. Picha ninayo

Mama Neema 13:10
Picha baadaye. USAFIRI.

Baba Junior 13:15
Gari dada. Tunatoka zetu Jumamosi tarehe 21, Noah yangu na gari yako. Kwa gari unasimama unapotaka, mtoto akitaka kukojoa anakojoa. Na tutoke saa mbili usiku watoto walale njia nzima

Mama Neema 13:17
Usiku na watoto, hapana.

Baba Junior 13:18
Mabasi yenyewe yanatembea usiku tangu Oktoba mwaka jana, yameruhusiwa

Mama Neema 13:19
Basi lina madereva wawili. Wewe uko peke yako na unasinzia ukishavuka Wami. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Na kila gari libebe ndoo ndogo yenye mfuniko ya watakaotapika, maana mifuko ya rambo haipo tangu 2019 na wanangu kuanzia Hedaru mnawajua.

Baba Junior 13:21
Sawa mkuu wa msafara. Segera machungwa, Mombo nyama, jioni tuko Himo

Kitinda mimba (Arusha) 13:22
Segera mkishuka mhesabu vichwa 😂😂😂

Baba Junior 13:22
😂😂 Junior siku hizi anajua namba yangu kichwani, akibaki anapiga mwenyewe

Kaka Mkubwa (Mwanza) 13:24
😂

Mama Neema 13:25
Magodoro jamani. Bei nimeulizia Moshi mjini, tusibebe kutoka Dar.

Mama Neema 13:41
Kuna mtu?

Mama Junior 14:07
Habari zenu. Huwa siandiki humu, nasoma tu. Leo nitaandika.
Krismasi mbili zilizopita sijaja. Mnaambiana niko zamu kazini. Sikuwa zamu.
Mwaka 2021 pale Segera magari yalikuwa matatu. Mimi nilijua Junior yuko kwa Mama Neema na wenzake, kwa sababu alianza safari humo. Mama Neema akajua amerudi kwa baba yake. Ikasemwa "wote wamo, twendeni", tukaondoka. Tumefika Mombo, naenda kumpa juisi, hayumo. Hayumo gari la kwanza, la pili, la tatu. Kutoka Mombo kurudi Segera sijui tulikwenda dakika ngapi, mimi nilikuwa nimeshika kiatu chake kimoja.
Tulimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pembeni ya mama muuza machungwa. Yule mama alimmenyea chungwa ganda lisikatike, akamzungushia mkononi likawa saa. Junior hakuwa analia. Aliniuliza, "Mama, saa yangu inasema saa ngapi?" Alikuwa na miaka minne. Na yule mama hakunipa mtoto mpaka Junior ataje jina la baba yake na rangi ya gari. Alifanya vizuri kuliko sisi wote.
Lile ganda ninalo kwenye droo, limekauka.
Nyie kila mwaka mnacheka. Mimi bado sijaanza kucheka.

Kitinda mimba (Arusha) 14:09
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Baba Junior 14:15
Mama Junior tutaongea nyumbani

Mama Junior 14:16
Nyumbani tumeongea miaka mitatu.

Kaka Mkubwa (Mwanza) 14:31
Magodoro ni futi ngapi? Nne kwa sita?

Mama Doreen (Dodoma) 14:32
Kaka subiri kwanza

Mama Neema 14:58
Wifi, aliyesema "wote wamo, twendeni" ni mimi. Sijawahi kuliandika wala kulisema, nimewaacha watu wamcheke Baba Junior kwa sababu yeye anacheka nao. Nilihesabu nikiwa nimekaa ndani ya gari, nikamhesabu mtoto wa pembeni ya barabara nikidhani ni wetu. Hii orodha ninayowasumbua nayo tangu mwaka juzi, karatasi yenye namba ya simu kwenye mfuko wa kila mtoto, mnaniita hedimasta, inatoka pale Segera. Nilitakiwa kuja kwako siku ileile. Nilikuja na nguo za Krismasi za Junior na maneno sikusema. Naomba unisamehe.

Kitinda mimba (Arusha) 15:03
Shemeji samahani sana. Sikujua kama iko hivyo. Nisamehe

Mama Doreen (Dodoma) 15:20
Pole wifi 🙏🏾

Mama Mdogo (Marangu) 19:46
Ndio natoka shambani. Nimemsomea Dada yote tangu asubuhi. Amenyamaza muda mrefu. Anasema nimwandikie kama anavyosema nisipunguze

Mama Mdogo (Marangu) 20:02
Bibi anasema:
Wanangu, hamjambo. Habari ya Segera mimi mlinificha. Aliniambia Junior mwenyewe siku ya pili, tuko jikoni namenya ndizi za mtori, akaona ganda akaniambia, Bibi hili halifai kuwa saa, la chungwa ndio zuri. Nikamuuliza chungwa la wapi. Akanieleza yote mpaka yule mama alivyovaa. Nikanyamaza nikingoja mmoja wenu aje anieleze. Krismasi ikapita. Mpaka leo usiku huu hakuna aliyekuja.
Nilinunua sahani tisa za bati mwaka ule, watoto walikuwa tisa. Ya Junior ya bluu iko kabatini. Dada yake ya kwake anakula nayo akija na baba yake. Ya bluu sijampa mtoto mwingine.
Mbuzi sitaki. Wote kumi na moja walale ndani kwangu, nimesikia kuna watu wanauliza hoteli, hoteli asiende mtu. Na mke wa mwanangu, nakuomba wewe uje kabla ya wenzako. Uje ukae na mimi siku mbili tatu hawa hawajafika na kelele zao.

Kaka Mkubwa (Mwanza) 20:05
Tumesikia Mama. Shikamoo

Baba Junior 20:09
Tumesikia Mama. Nisamehe Mama

Mama Doreen (Dodoma) 20:10
Tumesikia Mama 🙏🏾 Hoteli ni mimi niliulizia, kwa ajili ya choo cha nje na mtoto mdogo. Tutalala nyumbani

Kitinda mimba (Arusha) 20:14
Aika Mama, asante

Mama Neema 20:40
Tumesikia Mama. Kesho nitapiga tuongee, si kwa kuandika.

*Jumatano, 13 Novemba 2024*

Mama Neema 06:05
Habari za asubuhi. Waliotuma mpaka sasa: Kaka Mkubwa 150,000. Basi. Bajeti inabadilika kwa sababu Mama hataki mbuzi, nitawaletea hesabu mpya.

Kaka Mkubwa (Mwanza) 07:15
Mama akisema mbuzi sitaki ana maana asinunuliwe, anaye zizini, anataka huyo ndio achinjwe. Yule mweusi

Mama Mdogo (Marangu) 07:50
Mweusi ana mimba

Kitinda mimba (Arusha) 07:52
Jamani supu ya kisusio 😭

Mama Doreen (Dodoma) 07:58
Mwaka 2022 alisema hataki kitenge, tukaacha kununua, akanuna mpaka Pasaka

Mama Neema 08:03
Mbuzi nitamuuliza Mama leo kwa simu, msianze. Pesa tumeni, kama si mbuzi ni magodoro. La choo pia nimelipokea, nitaulizia fundi wa Himo aweke taa njia ya kwenda huko, watoto wanaogopa giza kuliko choo chenyewe. Mama Doreen ni treni au Babati?

Mama Doreen (Dodoma) 08:30
Baba Doreen bado anafikiria

Baba Junior 12:10
Dada mimi nitampeleka Mama Junior mwenyewe tarehe 17 kama atakubali, halafu nirudi Dar nije na msafara. Au abaki na gari aendeshe mwenyewe. Sijui. Bado hajanijibu

Mama Neema 12:14
Kilomita karibu 560 kwenda, nyingine kurudi, halafu kwenda tena ndani ya siku nne? Utaendesha ukiwa umelala. Noah ikikaa Marangu na yeye, msafara unabaki na gari moja.

Baba Junior 12:15
Ndio maana nimesema sijui

Kitinda mimba (Arusha) 12:40
Apande basi la asubuhi mimi nimpokee Himo. Natoka Arusha nakuja, nampeleka mpaka mlangoni kwa Mama, na watoto wote wawili. Nimesema kweli, sitanii

Mama Neema 12:58
Sasa orodha, kila mtoto na gari lake na mtu mzima MMOJA anayemjibia, hata tukishuka kujisaidia:
Gari 1 (mimi): Neema na wadogo zake wawili, nawajibia mimi
Gari 2 (Baba Junior): watatu wa Mama Doreen kama watakuja Dar, anawajibia Mama Doreen
Kaka Mkubwa: wanapitia Singida wenyewe
Kitinda: mtoto wake, mama yake anamjibia
Junior na dada yake: ______

Mama Neema 12:59
Wifi hapo nimeacha wazi makusudi. Sitajaza mpaka uandike wewe.

Kaka Mkubwa (Mwanza) 15:22
Nimepiga kwa Mama. Anasema mbuzi "mtajua wenyewe"

Mama Doreen (Dodoma) 15:23
Eeh. Huyo mbuzi anatakiwa

Mama Neema 15:25
Nilisema nitapiga mimi.

Mama Junior 21:37
Nimeongea na Bibi saa nzima. Andika Junior na dada yake, nawajibia mimi. Sehemu ya gari usiandike kitu bado.

Mama Neema 21:38
Nimeandika wifi. Gari nimeacha.

Mama Junior 21:44
Na hapo Segera nyie mkipita, sijui kama yule mama bado yupo. Alikuwa kushoto ukitokea Dar, ana mwavuli wa kijani umepasuka. Kama yupo, nunueni kwake.

Baba Junior 21:45
Nitasimama

Kaka Mkubwa (Mwanza) 22:10
Hilo godoro ni nne kwa sita au tano kwa sita? Niko dukani Mwanza hapa karibu wanafunga