Laptop ya ofisi: Celeron mpya ya boksi au i5 ya mtumba?

MLETA MADA
Wakuu, kamati ya manunuzi ya SACCOS yetu imegawanyika. Nusu wanataka laptop mpya zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Celeron N4020, nusu wanataka HP EliteBook 840 G5 zilizotumika, zenye prosesa ya Intel i5-8350U. Bei zinakaribiana. Kazi ni Excel, barua, na mfumo wa wanachama unaofunguliwa kwenye kivinjari.

Mimi niko upande wa mtumba. N4020 ina viini viwili tu (sehemu za prosesa zinazofanya kazi), basi. i5 hiyo ina viini vinne na inabeba kazi nane kwa mpigo. Fungua daftari la mikopo kwenye Excel na tabo kadhaa, halafu Windows ianze kupakua masasisho yake: kwenye Celeron unaandika tarakimu, inatokea baadaye ukiwa umeshabonyeza mara ya pili. Juu ya hapo, laptop mpya nyingi za bei hiyo zina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao na hifadhi ya eMMC, nayo ya kuchomelewa, ya GB 64. Huongezi kitu. 840 G5 ina nafasi mbili za RAM, na SSD (diski ya hifadhi) unabadilisha.

MCHANGIAJI
Mkuu, na waranti? Mashine ikifa mwezi wa tatu, mwenyekiti atamuuliza nani? Betri za mtumba zimechoka, na Celeron inakula wati 6 wakati i5 yako ni 15.

MLETA MADA
Hizo wati ni kiwango cha joto kilichowekwa na Intel, si matumizi ya kila dakika. Ukiandika barua prosesa inalala muda mwingi. Kioo ndicho kinachokula. Betri nanunua mpya. Waranti hapo umenibana, sikatai.

FUNDI
Mnabishania jina i5, angalieni kizazi. Wengi wanauziwa i5-6300U ya mwaka 2015: viini viwili, na haimo kwenye orodha ya Windows 11. Windows 10 yenyewe Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari iwe 8 au 9, au namba ianze na 10 na kuendelea. Usiamini stika, zinauzwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda Performance, soma jina mwenyewe. Kisha andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na wa leo. Na uingie BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) mbele ya muuzaji! Mashine zilizotoka kwenye makampuni ya nje mara nyingine zimefungwa kwa nenosiri, na hapo mimi sina dawa ya bei rahisi.

MCHANGIAJI MWINGINE
Mbona mnajifungia kwenye mbili? Intel N100 ya mwaka 2023 ina viini vinne, wati 6 zile zile, na inakuja mpya na waranti. Kwa barua na Excel inatosha kabisa. N4020 ni ya 2019, kuinunua leo ni kununua "mpya" iliyozeeka dukani.

MLETA MADA
N100 yenye RAM ya GB 8 naipeleka kwenye kamati hata kesho. Ila aliyeiona kwa bei ya N4020 aweke picha ya risiti hapa, maana maduka niliyopita wananitajia bei nyingine kabisa.