Kikundi cha "Ukoo wa Nyamanoro", Mwanza: Shangazi yuko Tampere, Finland

JUMAPILI, WIKI MOJA KABLA YA SAFARI

Neema: Shikamooni wote. Shangazi, nitakuja kukupokea mwenyewe uwanja wa ndege Helsinki. Tunapanda treni dakika chache hadi Tikkurila, tunabadilisha, kisha ni moja kwa moja mpaka Tampere. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi.

Shangazi Leah: Marahaba mwanangu. Mungu ni mwema. Lakini nina jambo linanisumbua. Wewe utakuwa kazini. Jirani yetu alienda Ulaya kwa mwanawe miezi miwili, akarudi hajui hata sokoni kwao kulivyo. Mimi siwezi kukaa ndani hivyo.

Neema: Hutakaa ndani Shangazi. Huu mji ni wa maziwa kama kwetu. Kaskazini ni Näsijärvi, kusini Pyhäjärvi. Hiyo järvi maana yake ziwa. Katikati yake kuna maporomoko, Tammerkoski, yanapita katikati ya mji kabisa. Barabara kuu ya Hämeenkatu inayavuka kwa daraja. Ukiliona hilo daraja, ujue uko mjini kati.

Baba Mdogo: Ziwa la juu limelizidi la chini kwa mita 18. Ndiyo nguvu iliyoendesha viwanda vyao. Mskoti mmoja, James Finlayson, alianzisha kiwanda hapo 1820, kikaja kuwa cha pamba. Mwaka 1882 humo ndani ziliwaka taa za umeme. Na dada usiende kama mgeni sana, Mwanza na Tampere ni miji rafiki tangu zamani.

Shangazi Leah: Kumbe! Hilo la urafiki sikulijua.

Mama Neema: Wifi, sweta beba. Hata kama wanasema ni kiangazi.

Neema: Sasa usafiri. Kuna tramu nyekundu, wenyeji wanaiita ratikka. Ilianza 2021. Mimi nakaa Hervanta, kwa hiyo yako ni namba 3. Hakuna konda, hakuna wa kukuita. Mlango usipofunguka, bonyeza kitufe kwenye mlango. Ukishaingia gusisha kadi kwenye mashine mpaka ilie. Kadi nimeshakununulia na nimeiwekea hela. Usiache kugusisha hata siku moja, wakaguzi hupita na faini ni kubwa.

Shangazi Leah: Nitagusisha.

Neema: Mabasi nayo wanayaita Nysse. Zamani watu kituoni wakiliona basi walisema "nyt se tulee", hilo linakuja. Jina likabaki, na leo ndilo limeandikwa hadi kwenye kadi yako.

Elia: Na saa je, tutamkadiria vipi?

Neema: Kiangazi saa zao na zetu ni zilezile. Mpigieni muda wowote.

IJUMAA

Shangazi Leah: Bwana asifiwe. Nipo. Sasa ni saa nne usiku na jua bado lipo juu ya miti. Nimemuuliza Neema, Sabato tunaifungua saa ngapi?

Neema: Jua linazama baada ya saa tano. Tumeimba nyimbo za kufungua Sabato saa tano na robo, dirisha bado jeupe.

Baba Mdogo: Amina. Andiko linasema jioni, na jioni ni jua likizama. Mmefanya vyema kungoja.

Mama Neema: Mlale basi! Fungeni mapazia.

JUMANNE

Shangazi Leah: Leo nimetoka peke yangu. Nimeshuka kituo cha Koskipuisto nikasimama darajani. Maji yanapita kwa nguvu chini ya majengo ya matofali mekundu. Nimekaa kama nusu saa naangalia tu.

Shangazi Leah: Kisha nikashuka kwa mguu hadi soko la Laukontori, ukingoni mwa ziwa la chini. Elia, wana dagaa!

Elia: Dagaa kweli Shangazi?

Shangazi Leah: Wanaitwa muikku. Wakubwa kidogo kuliko wetu, urefu wa kidole changu cha kati. Wanawaviringisha kwenye unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, wanakaanga kwa siagi kwenye kikaango kipana kama ungo. Unakula na mifupa yake. Nimeuza dagaa Mwaloni Kirumba miaka 26, huyu samaki nimemwelewa kwa harufu tu. Nimemfungia Neema wa jioni.

Neema: Asante Shangazi ❤️ Ukiona soseji nyeusi, mustamakkara, pita. Ndiyo fahari ya mji huu, ila ina nguruwe na damu yake.

Shangazi Leah: Nimeiona, nimepita.

Shangazi Leah: Neema nimepanda. Lakini naona hospitali kubwa. Asubuhi sikuiona.

Shangazi Leah: Neema

Shangazi Leah: Neema uko wapi mwanangu

Elia: Shangazi, Neema atakuwa kwenye kikao. Niko hapa. Ndani kuna kioo cha maandishi, kinasemaje?

Shangazi Leah: 1. Kaupin kampus.

Elia: Sawa. Umepanda namba 1 badala ya 3. Zinapita reli moja mjini, mbele zinaachana. Shuka kituo kinachofuata. Nitumie mahali ulipo.

Shangazi Leah: Nimeshuka. Imeandikwa Tays.

Elia: Nimekuona kwenye ramani. Vuka kwenye alama za watembea kwa miguu uende upande wa pili. Angalia kwanza pande zote, tramu haina kelele.

Shangazi Leah: Nimevuka. Kuna mama mmoja na mtoto kwenye kigari, nimemwonyesha simu. Ameniambia "kolme" na kuonyesha vidole vitatu.

Elia: Ndiyo hiyo hiyo. Panda namba 1 ya kurudi, shuka Rautatieasema, stesheni ya treni. Hapo stesheni, upande wa pili, subiri namba 3 iliyoandikwa Hervantajärvi.

Baba Mdogo: Dada tuko nawe. Usikimbilie.

Shangazi Leah: Nimeshuka stesheni. Imekuja ya 1, nimeiacha. Imekuja ya 3. Nimegusisha kadi, imelia.

Neema: Jamani ndiyo natoka kikaoni!! Shangazi uko wapi??

Elia: Yuko ndani ya 3. Namfuatilia.

Neema: Elia, Mungu akubariki. Uko Nyamanoro unamwongoza mtu Tampere.

Mama Neema: Wifi sema kitu, roho inadunda.

Shangazi Leah: Nimeshuka Hervantakeskus. Namwona Neema anakuja mbio. Samaki bado wana joto.

Neema: Kesho jioni nampeleka Rauhaniemi, sauna ya ukingoni mwa Näsijärvi. Wanavaa nguo za kuogelea, msiwe na wasiwasi.

Mama Neema: Aingie ziwani?

Neema: Huku hakuna mamba wala kichocho mama. Ni baridi tu.

Shangazi Leah: Mara ya mwisho kuogelea ziwani nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nitaingia.